Jina Langu Kwenye Jalada

Siku yangu ya kwanza kwenye kampuni ya vitabu hapa Guangzhou, Mhariri Mkuu alinimiminia chai kwa mkono wake mwenyewe. Machale yakanicheza. Nilikuwa nimefundisha fasihi ya Kiingereza Morogoro chini ya wakuu wa shule watatu, na sikuwahi kuona mkubwa akimnyenyekea mgeni bure.

Kazi yetu iliitwa usahilishaji, yaani kupunguza riwaya nene za Kiingereza ili wanafunzi wa Kichina waziweze. Unakata maelezo, unaacha matukio, kisha unalinganisha kila sura na kitabu cha asili, maana mkasi hauna adabu.

Niliyopewa ilikuwa rasimu iliyokwisha kukatwa ya riwaya ya Mwingereza wa zama za ukoloni. Kijana fukara anasafiri Afrika na China, anarudi kwao tajiri. Waafrika wake ni wezi na wajinga, na mfalme wao anatoa pembe zote za ndovu kwa kioo kimoja.

"Lainisha maneno tu, Mwalimu," Mhariri Mkuu akasema. "Tutaweka jina lako kwenye jalada: mshauri kutoka Afrika."

Nilimsimulia Mama Furaha, Mkongo mwenye mgahawa mtaa wa Dengfeng. "Papa Mwalimu, wanataka jina yako isafishe kitabu yao," akasema. "Laoban, bosi yako, akikupa sifa yenye haukuomba, uliza bei."

Kilemba cha ukoka nakijua. Nikaanza kulinganisha, nikakuta sura ya China haimo kabisa kwenye rasimu. Katika kitabu cha asili kijana yule anauza afyuni hapa hapa Guangzhou, na wenyeji anawaita panya.

"Hii mbona mmeikata?" nikamuuliza Mhariri Mkuu.

"Inatutukana."

"Na ile ya kwetu?"

"Ile ni visa vya safari tu," akasema, akashika kikombe chake.

Nilikasirika. Mkataba wangu ulikuwa mikononi mwake, lakini nilimwambia azirudishe sura zote mbili zilivyo, na maelezo chini ya ukurasa, la sivyo jina langu alifute. Akasema atafikiria. Mkataba haukuongezwa, nikastaafu.

Juzi nilikiona kitabu dukani, barabara ya Yide Lu. Jina langu halimo, nikamshukuru Mungu. Nikafunua. Ninyi mnaoanza kazi hii, msiogope tusi lililo wazi, ogopeni kitabu kilichooshwa. Walikuwa wamezikata sura zote mbili. Kijana anapanda meli fukara, na ukurasa unaofuata anashuka kwao tajiri.