Maharagwe Ndani ya Kiatu

Mume wangu Ngatia ameongoza wapandaji Mlima Kenya kwa miaka kumi na tisa, na hajawahi kununua viatu vya kukwea mwamba. Wageni wakimaliza safari huwaachia waongozaji vyao, na kwetu Naro Moru zawadi haipimwi, hupokewa kwa mikono miwili. Yeye huvaa namba arobaini na tatu. Alivyopewa vilikuwa arobaini.

Mgeni aliyempa alimwambia kiatu cha mwamba lazima kibane. Ngatia akaishika kauli hiyo kama amri ya kumi na moja. Lakini wageni huvivua vyao kila wakipumzika. Yeye, mshika kamba, hushinda navyo kutwa.

Mimi nilifanya alichonifundisha mama: nikajaza viatu maharagwe makavu, nikatia maji, ili yakivimba yavipanue. Asubuhi maharagwe yalikuwa yamevimba, viatu viko vile vile. Tulicheka sana. Wakati huo bado tulikuwa na kicheko.

Kucha za vidole gumba zikawa nyeusi, zikang'oka. Vidole vikajikunja, mfupa ukatokeza kando ya kila mguu. Kila aliporudi nilimwekea beseni la maji ya chumvi, naye akitazama ukuta. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mimi nilikuwa na beseni tu, na hasira isiyojua impige nani.

Mwaka huu nilimburura hadi kwa daktari Nanyuki.

"Hizi vidole zimeshapinda, mzee," daktari alisema. "Hata ukiacha hiyo kazi leo, hazitanyooka. Na ukiendelea, hata kutembea itakushinda."

"Sasa mimi najua kazi gani ingine?" Ngatia akauliza.

Daktari akaandika dawa ya maumivu.

Wiki iliyopita kikaja kifurushi kutoka kwa mgeni wa zamani. Ndani mlikuwa na viatu vipya vya mwamba, namba arobaini na tatu. Nilifurahi hadi nikapiga vigelegele. Ngatia akaingiza mguu polepole. Mfupa ule wa kando ukakwama. Akajaribu tena, jasho likamtoka, akavua.

"Mama Murugi," akasema bila kuniangalia, "bado tuko na maharagwe?"

Nilijua hayatasaidia, na yeye alijua. Nikaenda jikoni kuyaleta.