Swali la Bakteria Kwenye Grupu ya Maji

Bakteria wangu walikataa kuota, na mwalimu wa chuo cha jioni alikuwa ameshasema: Jumanne aone visahani vyenye uhai, la sivyo narudia mwaka. Mwaka mzima! Mimi ambaye nilikuwa nimeshaalika kila kiumbe kutoka Komarock hadi Kariobangi kuja kunipigia vigelegele siku ya mahafali.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Unapaka maziwa mala, yale yaliyochachushwa, kwenye visahani vyenye chakula cha bakteria, unaviweka kwenye kabati la joto, unasubiri madoa meupe. Vyangu vilitoka vimeng'aa kama upara wa askofu.

Jumamosi asubuhi sikuweza kuketi. Nyumba yetu ya mtaa wa Tena ina vyumba viwili, lakini niliizunguka mpaka nadhani nilifika Mombasa nikarudi.

"Baba watoto, keti," mke wangu akasema. "Unanitia kizunguzungu."

Nikaketi, nikashika simu, nikauliza kwenye grupu ya kwanza niliyoiona: ya wapangaji wa ploti yetu, ile ya kutangaziana maji yakija.

"Niaje wasee. Bakteria wangu hawaoti. Nifanye nini?"

"Shukuru Mungu, jirani. Wangu wameota mpaka kwenye sinki."

"Enda hospitali mapema, usione haya."

Mama wa ghorofa ya chini akatuma sauti, maombi marefu kuliko foleni ya mtungi, akikemea kila kisichoota maishani mwangu. Kisha keateka, mwangalizi wa ploti, akafunga mjadala: "Hii grupu ni ya maji pekee."

Nikasimama tena. Nikaketi. Nikalipeleka swali lilelile kwenye jukwaa kubwa la mtandaoni la wanasayansi wa dunia nzima. Wakalifunga kabla chai yangu haijapoa: haieleweki unauliza nini. Nusura nitupe simu dirishani. Lakini chini yake mtu alikuwa ameniandikia kwa upole kwamba kuna jukwaa dogo la watu wa maabara, lenye sehemu ya kuotesha bakteria tu; niende huko, nisimulie kazi yangu yote, tangu kuosha vyombo.

Nikasimulia. Jibu la kwanza lilikuwa swali: "Unasuuza vipi?"

Nisuuze vipi tena? Kama mama alivyonilea! Maji huja yakipenda yenyewe, kwa hiyo povu ni la kujaza beseni, na maji ya kusuuzia ni beseni moja. Vyombo vyote vinapita humo, halafu maji hayo yanaenda chooni. Mifereji ya chuo nayo ilikuwa imekauka, basi nikafanya vivyo hivyo.

Aliyeuliza akanijibu kwamba sabuni ikikauka kwenye kioo huioni, na moto wa kuchemshia vyombo hauiondoi, ila bakteria wanaionja. Nisuuze kwa maji mapya, tena na tena, nimalizie na yale maji safi ya maabara.

Nikabeba mitungi miwili iliyokuwa jikoni.

"Hayo ni maji ya wiki!" mke wangu akalia.

"Na mimi naokoa mwaka mzima!" nikajibu kutoka kwenye ngazi.

Mchana ule chuoni nikasuuza mpaka vidole vikawa kama vya mzee wa miaka mia tatu, kisha nikapaka mala upya. Jumapili sikusikia hata neno la mahubiri. Jumatatu jioni nikafungua kabati: madoa! Meupe, mengi kuliko nyota. Jumanne mwalimu akaviinua visahani kwenye mwanga.

"Hawa ni wako?"

"Wote, mwalimu. Hata wale wadogo."

Akaweka alama ya kupita.

Nikarudi kwenye jukwaa lile dogo, nikaandika kilichofaulu, hatua kwa hatua, ili atakayekwama asome. Kisha nikaingia grupu ya ploti: "Wameota!"

"Nilisema hii grupu ni ya maji," keateka akajibu.

"Shida yenyewe ilikuwa maji," nikaandika.

Chini yake likaingia swali la mke wangu, akiwa ameketi hapo hapo kando yangu: "Na mitungi yangu iko wapi?"

Ilikuwa chuoni. Nikasimama tena.