Siagi ya chokoleti iliyong'arisha viatu vya mwalimu

Saa tatu asubuhi mtaani Gatina, Kawangware, Bi Nasike Khamala anatingisha sufuria ya njugu juu ya jiko la makaa. Harufu ikimridhisha, anazimwaga kwenye kitambaa na kuzisugua hadi maganda yatoke.

"Zikiungua kidogo tu, zinakuwa chungu. Na hapa hakuna sukari ya kuficha makosa," anasema.

Mama huyu wa watoto watatu, mwenye umri wa miaka 39, husaga njugu pamoja na tende, unga wa kakao na chumvi kidogo ili kupata siagi laini ya kupaka mkate. Alianza miaka miwili iliyopita, meno ya bintiye Valary yalipotoboka.

"Nilisoma karatasi ya chupa ya siagi ya chokoleti ya dukani. Sukari ndiyo iliandikwa ya kwanza! Kumbe nilikuwa nampakia mtoto sukari," asema.

Leo huuza chupa 25 kwa wiki, kila moja Sh350. Lakini mwezi Machi biashara hiyo nusura ife.

Mumewe, Ambrose, ni fundi wa viatu katika steji ya matatu ya Kawangware 56. Huchanganya mwenyewe rangi ya viatu ya kahawia na kuiweka kwenye chupa kama za mkewe. Asubuhi moja ya mwezi huo chupa mbili zilikuwa mezani, na kila mmoja akabeba isiyo yake.

Mteja wa kwanza wa Ambrose alikuwa Mwalimu Sifuna, anayefundisha shule iliyo karibu.

"Vilimeremeta ajabu," Ambrose anakumbuka. "Ila brashi ilikuwa nzito."

Kwenye gwaride la asubuhi shuleni, Sifuna aliwahutubia wanafunzi kuhusu usafi.

"Mbwa wa soja wa geti akaanza kuniramba kiatu. Nikakivuta nyuma. Akahamia cha pili," asema mwalimu.

Wakati wa mapumziko alirudi kwa fundi akiwa amefura. Ambrose alinusa brashi, kisha akairamba.

"Nikajua huo ni mkono wa mke wangu."

Alimpigia Nasike mara moja. Nasike alishika kichwa: chupa ya rangi alikuwa ameshaituma Kibera, kwa Bi Waithira, mwenye shule ya chekechea. Simu ya Waithira ilikuwa imezimwa. Akarukia boda boda.

Alikuta watoto 22 wameketi na vikombe vya chai, na Waithira ameshika kisu, mkate mbele yake.

"Waithira, weka hicho kisu chini!" alipiga kelele mlangoni.

"Nikainua mikono juu," Waithira anasema akicheka. "Nilidhani nimekosea mtu. Kumbe ameniokoa. Watoto walikunywa chai kwa mkate mtupu siku hiyo, na wakanuna."

Siku hizi kila chupa ya Nasike ina lebo ya manjano, na rangi ya viatu hailali tena nyumbani.

Anapanga kukodi chumba cha kusagia na kutafuta kibali cha ubora ili auze madukani. Ataajiri watu wawili.

"Ambrose ameomba awe meneja," anasema huku akifunga kifuniko. "Nimemwambia alete barua ya maombi kama wengine, na aeleze vizuri alipofanya kazi mwisho."