Alama ya Kijani kwenye Kompyuta ya Mama Mdogo

Kazi yangu naifanyia Moshi, kwenye chumba nilichopanga karibu na soko la Kiboriloni, na waajiri wangu sijawahi kuwashika mkono. Tunatengeneza kiendelezi, programu ndogo inayopachikwa kwenye kivinjari ili mtu akitaka kufungua tovuti ya matapeli, azuiwe kwanza na onyo jekundu. Mambo yakiwa shwari, pembeni ya skrini inakaa alama ya kijani. Mimi niliajiriwa kuhakikisha kinafanya kazi ile ile kwenye kila kivinjari. Hayo ni maneno ya mkataba.

Vivinjari havifanani. Kila kimoja kina masharti yake kuhusu nani aruhusiwe kuzuia ukurasa kabla haujafunguka. Kwenye kile kikubwa, kinachotumiwa na karibu kila mtu, onyo letu lilitokea bila shida. Kile kidogo kilipobadilisha masharti, onyo likafa kimya kimya, lakini alama ya kijani ikaendelea kuwaka. Nikaomba muda wa kuandika upya sehemu ile. Bosi akasema kwenye mkutano wa video kwamba watumiaji wa kile kidogo ni wachache, watasubiri. Basi alama igeuzwe kijivu, nikasema, wajue hawana ulinzi. Akacheka. Kijivu kitawatisha wateja.

Nikamweleza kwamba kwetu mbuzi akichinjwa kila mtu ana fungu lake, na hata asiyekuwepo anawekewa. Akasema hiyo ni mila nzuri sana, kisha akahamia ajenda nyingine. Mpaka leo nikiikumbuka ile "nzuri sana" damu inanichemka.

Mmoja wa hao wachache alikuwa mama mdogo wangu, wa Machame. Krismasi, ukoo wote unapopanda nyumbani, mimi ndiye ninayekabidhiwa simu na kompyuta za watu nizikague huku wenzangu wakichoma nyama. Kompyuta yake ilikuwa kuukuu, haikukubali kivinjari kingine ila kile kidogo. Nikampachikia kiendelezi kikiwa bado kizima. Baada ya kile kikao nilimpigia simu.

"Shikamoo mama mdogo. Ile alama ya kijani usiiamini tena."

"Marahaba mwanangu. Si umeiweka wewe?"

"Niliiweka mimi, lakini imeharibika."

"Mbona inawaka? Kitu ulichoweka wewe hakiwezi kunidanganya."

Nilirudia, akaitikia kwa upole, kama mtu anayemtuliza mtoto mwenye wasiwasi. Aliyemtia wasiwasi ni mimi, si ile alama.

Mama mdogo anapokea wageni kwenye kihamba chake, shamba la kahawa na migomba aliloachiwa na mumewe. Wanalala kwake, wanachuma kahawa, wanaikaanga wenyewe. Wanamjia kwa sababu wenzao walimsifu mtandaoni. Anaishi kwa jina lake. Siku moja alipata barua pepe iliyomtaka aingie upya kwenye tovuti ya kupokelea wageni. Ukurasa ulikuwa bandia. Alitazama pembeni, akaona kijani, akaandika neno lake la siri. Matapeli wakawaandikia wageni wake kwa jina lake, wakawataka watume malipo kwingine. Wageni waliofika getini walimwita mwizi, wakageuza gari. Wengine waliliandika neno hilo hilo mtandaoni, chini ya picha yake akicheka.

Nikaipeleka habari kazini kwa hasira, nikiamini sasa watanipa muda. Badala yake waliamua kukiacha kabisa kile kivinjari kidogo. Bosi akatangaza kwamba hatimaye kiendelezi chetu kinafanana kila mahali, na wenzangu wakapiga makofi. Mimi nikapewa kazi ya kuandika kwa Kiswahili ujumbe wa kuwaaga watumiaji wa kile kidogo. Niliuandika. Kodi ya chumba hailipwi kwa hasira.

Baada ya ujumbe kutoka, mama mdogo alinipigia, akanisomea polepole kutoka kwenye skrini yake: "Tunakushukuru kwa kuwa nasi. Tunasikitika kwamba hatutaendelea kukulinda kwenye kivinjari hiki."

"Hawa watu wana adabu," alisema. "Wageni wangu wameondoka hata kwaheri hawakusema. Ukiwapata hawa, mwanangu, waambie nimeshukuru."

Nikamjibu kwamba nitawaambia.