Safari ya Usevya Kumchukua Skola

Katikati ya miaka ya sabini nilikuwa msaidizi wa ustawi wa jamii mjini Mpanda. Siku moja ikaja barua kutoka Usevya: kuna mtoto wa kike wa miaka tisa, hawezi kutembea, mama yake anamfunga kamba. Mkubwa wangu akanipa fomu ya kurasa nne.

"Kampime, kisha uje naye," akasema. Mtoto angepelekwa kwenye kituo cha walemavu, safari ya siku mbili kwa treni.

Alfajiri nilipanda lori la mahindi. Tulipofika Sitalike tulisimama, kiboko alikuwa katikati ya barabara. Dereva alisema kiboko hapigiwi honi, tukasubiri amalize shughuli zake.

Saa tisa alasiri niliingia Usevya, matope mpaka magotini. Mama Skola, mama wa mtoto, alikuwa akitwanga. Nikajitambulisha.

"Mtoto hayupo, baba. Amefariki."

Nilimpa pole. Nilikuwa natafuta kwenye fomu mahali pa kuandika kifo, mara sauti kali ikatoka shambani: "Mama! Maji yameniishia!"

Mama Skola aliendelea kutwanga.

"Basi hajafariki," akasema baadaye. "Nilisikia mnakuja kumchukua."

Skola alikuwa juu ya dungu, jukwaa la miti katikati ya mpunga, akiamia ndege wasile nafaka. Kweli alikuwa amefungwa: khanga kiunoni, imezungushwa kwenye nguzo asianguke.

"Shikamoo," akasema, akavurumisha jiwe kwa kombeo. Fomu iliuliza kama mtoto anaweza kazi yoyote. Nilimtazama ndege aliyeanguka, nikaandika: ndiyo.

Jioni nikamwuliza mama anahitaji nini. Swali hilo halikuwamo kwenye fomu.

"Nimembeba mpaka shuleni mara tatu. Mwalimu mkuu anasema tusubiri serikali."

"Serikali gani?"

"Si ndiyo wewe?"

Kesho yake asubuhi tulikwenda shuleni, serikali ikiwa imembeba Skola mgongoni.

"Ndugu, ataanguka," mwalimu mkuu akasema. "Tuna mabenchi tu, hana pa kuegemea."

"Ukutani je?"

Akautazama ukuta kana kwamba umejengwa usiku ule. "Ukutani inawezekana," akasema.

Benchi likasogezwa. Halikuchukua hata dakika moja.

"Na kila siku atamleta nani?" mwalimu akauliza.

"Mimi," Mama Skola akajibu. "Mgongo ninao."

Siku ya tatu nilirudi Mpanda. Mkubwa wangu alichungulia nyuma yangu.

"Mtoto yuko wapi?"

"Darasani."

Nikamwekea fomu mezani.

Nilikuwa nimeifanya kazi ile miaka mitatu, nimepima watoto wengi na kuwasafirisha baadhi yao. Wazazi wao walikuwa wamekaa mbele yangu, na sikuwa nimemwuliza hata mmoja anataka nini. Wiki iliyofuata nikaanza kuwarudia, nyumba kwa nyumba.