Sikuachwa

Kaka yangu ndiye aliyenioza ng'ambo, kwa simu, mimi nikiwa jikoni nachambua mchele bila habari. Mume niliyepewa alikuwa dobi. Miaka tisa nilisimama mbele ya pasi yake mpaka miguu ikavimba, na wateja wakiuliza mimi ni nani, yeye huwaambia ni msaidizi tu. Siku moja nilizima pasi katikati ya shati la mtu, nikachukua sanduku langu, nikaondoka.

Niliporudi, kaka alitangaza mtaa mzima kwamba nimeachwa kwa uvivu. Mimi, mvivu. Wifi yangu akawa ananipa pole kila asubuhi kama mfiwa.

Mahakama ilipoivunja ndoa, ilibaki talaka kuandikishwa ofisini kwa msajili. Kaka alinisindikiza kwa kuwa sijui kusoma, na alitakiwa shahidi wa upande wangu.

Karani, mama mnene mwenye kalamu sikioni, aliniuliza, "Dada, uliachwa lini?"

"Sikuachwa. Niliacha."

Kaka akacheka. "Mama, andika ameachwa, tusikupotezee muda. Mwanamke anaachaje?"

"Kwa miguu," nikamjibu.

Karani alikohoa kuficha kicheko. Akaifungua karatasi ya hakimu, akaisoma taratibu kwa kidole. "Aliyedai talaka ni dada yako. Na mimi naandika kilichopo."

Alipomaliza, nikamwomba anisomee.

"Mke amemwacha mume."

"Rudia, mama yangu, masikio yangu mazito." Masikio yangu ni mazima kabisa, ila nyuma yetu kulikuwa na foleni ndefu, na majirani zetu wawili walikuwamo. Akarudia, safari hii kwa sauti ya kuita watu chakula.

"Shahidi, sahihi yako hapa, chini ya maneno hayo."

Kalamu ya kaka ikagoma ghafla kutoa wino. Karani akamchomolea ile ya sikioni. Kaka akatia sahihi jasho likimtoka. Mimi nikaweka dole gumba, nikalikandamiza mpaka meza ikalia.

Nyumbani, wifi alikuwa mlangoni. Hakuniuliza mimi, alimuuliza mumewe.

"Haya, baba watoto, huyu wamemwandikaje?"

Kaka aliinama kuvua viatu. "Ameacha."

"Ameachwa?"

"Mama watoto, umenisikia. Ameacha."