Jumbe Aliyekataa Namba Moja

Wenye vyeti waringe watakavyo, daftari la zahanati ya Mgori niliachiwa mimi, mtu wa darasa la pili ambalo hata sikulimaliza. Enzi zile za Mwingereza dresa, mfunga vidonda kama mimi, ndiye aliyetibu na ndiye aliyeandika. Kila ugonjwa una namba yake: moja mafua, mbili koo, tatu kikohozi, hivyo hivyo mpaka saba, kichomi cha mapafu. Nilizishika zote kwa siku moja. Daktari wa wilaya, Mzungu, alinionya: namba moja ikikosewa, narudi kulima mtama. Sikukosea hata siku moja. Hii ninayosimulia sikukosea, niliombwa.

Ilikuwa mwezi wa saba, upepo wa baridi na vumbi, kijiji kizima pua zinatiririka. Akaja jumbe wetu na koti lake la sufu, nyuma yake mchungaji wake wa ng'ombe, wote wanapiga chafya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Huyu unamwandika ngapi?"

"Moja, mzee."

"Na mimi?"

"Moja."

Akafuta pua polepole. "Yaani mimi na mchunga ng'ombe wangu tuwe namba moja? Iliyo kubwa kuliko zote ni ipi?"

"Saba. Lakini hiyo, mzee..."

"Kazi hii nani alikuombea, kijana?"

Nikaandika saba, tena kwa mwandiko mzuri ajabu.

Kesho yake daktari akaja kukagua. Kidole kikasimama kwenye saba. "Kichomi, na yuko nyumbani? Aletwe, aende hospitali Singida sasa hivi!"

Jumbe akapandishwa kwenye lori, kaviringishwa mablanketi, jua kali. Akanitazama, nikamtazama. Mimi nikisema kweli, jembe linaningoja. Yeye akisema kweli, ni sawa na mchungaji wake. Akavuta blanketi mpaka kidevuni, nami nikamsaidia kulivuta. Mkewe tu ndiye aliyeuliza, "Kwani si mafua haya?"

"Nyamaza, mama!" jumbe akafoka toka kwenye mablanketi. "Mambo ya namba unayajua wewe?"

Alidungwa sindano asubuhi na jioni, siku sita. Mchungaji alipona siku ya tatu kwa uji wa moto. Daktari alipokuta mapafu ya jumbe ni safi, akaniandikia barua ya sifa: dresa amewahi kuugundua ugonjwa. Barua ninayo hadi leo; wenye vyeti waje waione.

Mwaka uliofuata, baridi iliporudi, jumbe alipanga foleni nyuma ya mchungaji wake.

"Mwandike huyu kwanza," akasema, mkono kauweka kwenye tako. "Halafu mimi uniandike kama yeye."